Barua za wahamiaji, barua za wapenzi wa jinsia moja: nani ashike funguo?

Huku Lubumbashi muzee akifariki, matanga ikiisha watu wanagawana vitu. Redio ina mwenyewe, koti ina mwenyewe, hata sufuria iliyotoboka inapata wa kuichukua. Makaratasi njo hayana mwenyewe. Buku ya kazi ya zamani, barua za ndugu aliyebaki Kasai, picha ya watu sita ambao wanne hakuna tena anayejua majina yao, yote yanatiwa mu karto, karto inawekwa kwenye baraza, mvua ya mwezi wa 11 inaanza, na yale yaliyopona yanaenda kwa mama wa karanga kufungia karanga. Kila mtu ukimwambia tuhifadhi historia yetu anakubali haraka haraka, ni neno tamu, lakini ukiuliza tuhifadhi ya nani, kwa nani, na nani ataruhusiwa kufungua, hapo watu wanaanza kuangaliana.

Nataka kueleza kitu kimoja ambacho naona kinachanganya watu wengi, hata wale wenye moyo mzuri. Kutunza makaratasi ya wahamiaji, na ya wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, haiendi sawa na kutunza makaratasi ya gavana ama ya kampuni. Mchwa ni shida ndiyo, unyevu ni shida, nitafika huko. Lakini shida ya kwanza ni hii: karatasi ile ile inayothibitisha kwamba ulikuwepo, uliishi, ulipenda, inaweza kumuonyesha mtu mbaya mlango wa nyumba yako. Makaratasi ya gavana hayana hatari hiyo kwa gavana. Kwa hawa wengine ipo kila siku, na ukiisahau unaweza kuumiza watu ukifikiri unawaheshimu.

Tuanze na wahamiaji juu mji huu wote ni mji wa wahamiaji, hata kama siasa inapenda kutusahaulisha. Reli ilifika hapa 1910 kutoka kusini, na mji ukaanza mwaka huo huo kwa jina la Élisabethville. Union Minière, kampuni ya madini, ilikuwa imeundwa 1906 na ilihitaji mikono, watu wa hapa kijijini hawakutosha na wengi hawakutaka kazi ile, basi wakatafutwa Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wakatafutwa Lomami, Kasai, Maniema, na kwenye miaka ya 1920 mpaka Rwanda na Burundi. Kuanzia 1928 kampuni ikabadilisha mipango, ikaanza kuwaacha wafanyakazi walete wake na wazae watoto kwenye kambi ili wasirudi kwao kila mkataba ukiisha. Na upande wa Wazungu pia haikuwa Wabelgiji peke yao, walikuja Wagriki, Waitalia, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wakafungua maduka. Kwa hiyo ukichukua familia kumi za hapa, nyingi zina nkambo (babu ama bibi) aliyefika na gari moshi ama kwa miguu kutoka mahali pengine.

Sasa watu hao waliandikwa wapi? Waliandikwa sana, hilo watu hawalijui. Kampuni ilikuwa na dosye ya kila mfanyakazi, jina lake, kijiji, chifu wake, kabila, mke, watoto, magonjwa, adhabu alizopewa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na vibali vya kukaa mjini, vya kusafiri, na ripoti za polisi. Mtafiti wa leo akifungua dosye hizo anapata utajiri mkubwa, sikatai, lakini angalia ni nani anayeongea mle ndani. Ni kapita (msimamizi wa kazi), ni daktari wa kampuni, ni polisi. Mtu mwenyewe amenyamaza. Utajua siku aliyochelewa kazini mwaka 1934 lakini hutajua alimwandikia nini mama yake siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Historia ya mtu iliyobaki mikononi mwa aliyemtawala ni historia ya nusu, na nusu yenyewe ni ile ambayo mtawala aliona inamfaa.

Njo maana kijitabu cha André Yav kina thamani ambayo siwezi kuipima. Mwaka 1965, mtu aliyekuwa amefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya chama cha wenzake waliofanya kazi hiyo hiyo. Ni kurasa za mashine karibu 30 tu, hazina nukta vizuri wala aya, zinaenda vile mtu anavyoongea. Ndani yake ma-boy na wapishi wanaeleza mji ulivyoanza, Wazungu gani walikuwa wakali, watu walikufaje, waliitwa majina gani. Ni wao wanaongea wenyewe. Nakala zilikuwa chache na ingekuwa rahisi kabisa zipotee zote. Zilipona juu watafiti walizipata, na mwaka 1990 mtafiti Johannes Fabian pamoja na Kalundi Mango waliitoa kama kitabu chenye tafsiri ya Kiingereza. Leo ukitaka kuisoma unaweza kuipata kwenye intaneti, kwenye mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida uliowekwa na watu wa chuo cha Amsterdam. Mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anaisoma kutoka Amsterdam, mtandao ukikubali. Nashukuru ipo, na bado inaniuma.

Hapa kwetu hatukukaa bure, tuseme haki. Tangu mwaka 2000 maprofesa wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa kati yao, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, walianzisha kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi. Walienda kwenye nyumba za watu wakiuliza maisha, wakiangalia picha za ukutani na vitu vya ndani ya nyumba, wakafanya na maonyesho yaliyoitwa Ukumbusho. Ile ilikuwa njia nyingine kabisa ya kufikiri, kwamba historia ya mji iko kwenye sebule ya mama wa Kenya (mtaa wetu, si ile nchi) na haiko kwenye biro ya kampuni peke yake.

Kuna kitu kingine nimekiona, na nafikiri kinaeleza mengi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa kazini watu zaidi ya 10,000 kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari, wengi wamelalamika mpaka leo kwamba hawakulipwa haki yao. Nenda kwa muzee mmoja wa hao, utashangaa vile anavyotunza karatasi, ziko mu plastiki, mu sanduku ya bati, zimepangwa kwa tarehe, hata mjukuu hagusi. Muulize barua za mke wake wa wakati wa uchumba, atacheka. Karatasi inayodai pesa inatunzwa, karatasi inayosimulia inatupwa. Si uzembe, umaskini unafundisha mtu kutunza kile kinachoweza kumlisha kesho. Lakini matokeo yake ni kwamba makumbusho ya kesho yatajaa madai na hayatakuwa na mapenzi.

Halafu kuna kufukuzwa. 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walitolewa huku Katanga kwa nguvu, mamia ya maelfu, wengi wao wamezaliwa Likasi ama Kolwezi na Kasai hawajawahi kuiona. Walingoja gari moshi kwenye gare wiki na miezi, wengine walikufa pale pale. Mtu wa namna hiyo habebi albamu. Anabeba mtoto, anabeba godoro, anabeba unga. Ukikutana na familia ambayo haina picha hata moja ya kabla ya 1993, usiulize kwa nini hawapendi historia yao.

Na Wayahudi wa Rhodes, hiyo wengi hapa hawaijui ingawa sinagogi yao ya 1930 iko mjini mpaka leo. Vijana wa kisiwa kile walikuja Kongo kutafuta maisha, wakawa wanaandikiana na wazazi wao kwa lugha yao, Kiladino, ambayo ni Kihispania cha zamani, kwa mwandiko wa mkono wa herufi za Kiebrania ambao leo ni wachache sana wanaoweza kuusoma. Julai 1944 Wajerumani walikusanya Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz, waliorudi hata 200 hawakufika. Sasa fikiria mtu ambaye yuko Élisabethville na droo ya barua za mama yake. Barua zile za "tumepokea pesa, dada yako amechumbiwa" zimegeuka kuwa kaburi, juu kaburi lenyewe halipo. Wajukuu wakizikuta hawazisomi, wanaona michoro tu. Kule Seattle Marekani ambako ndugu wa Rhodes wengine walihamia, chuo kikuu cha Washington kimekusanya makaratasi ya familia za namna hii, wanayaskani na kuwatafuta wazee wanaojua kuyasoma kabla hawajaisha. Hiyo kazi inakimbizana na vifo.

Haya, sasa wapenzi wa jinsia moja. Najua kuna watakaoacha kusoma hapa. Naomba msiache. Wako Lubumbashi, ni ndugu zetu, wanaimba kwenye korale, wanafundisha, wanauza unga sokoni, na maisha yao ni sehemu ya historia ya mji huu sawa na yangu. Sheria yetu ya Kongo haina kifungu kinachosema wazi kwamba kupendana hivyo ni kosa, lakini kuna vifungu vya kulinda maadili mema ambavyo vinaweza kutumika dhidi yao, na kuna mtaa, kanisa na familia, ambavyo mara nyingi ni vikali kuliko sheria.

Kwa upande wa makaratasi wana shida moja ambayo mhamiaji hana. Mhamiaji ana watoto, mtoto mmoja kati ya sita anaweza kuwa na hamu na vitu vya nkambo. Lakini mwanaume aliyeishi na mwanaume mwenzake miaka 20 kama "rafiki", akifa, anayerithi karto ni kaka yake ama shangazi. Wakizikuta barua wanazichoma siku ile ile, na wanazichoma kwa huruma, wanaona wanafunika aibu ya marehemu. Yule aliyebaki hai, ambaye barua ni zake pia, hana sauti, kwenye matanga alikaa na majirani. Kwa hiyo historia yao inakatika kila kizazi. Kila kijana anaanza upya akifikiri yeye ni wa kwanza duniani, na majirani wanapata nguvu ya kusema kitu hiki kimeletwa juzi na Wazungu, juu hakuna karatasi ya kuonyesha kinyume.

Na wakati wenyewe walipojaribu kujiandika, walichomewa. Berlin mwaka 1919 daktari Magnus Hirschfeld alifungua taasisi ya kuchunguza mambo ya mapenzi na jinsia, ikakusanya vitabu, picha, maelezo ya watu waliojieleza maisha yao. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi waliivamia, na tarehe 10 Mei vitabu vyake vilitupwa kwenye moto mkubwa uwanjani. Picha za moto ule watu wengi wameziona bila kujua ni vitabu gani vilikuwa vinaungua. Wakati huo huo kulikuwa na makaratasi mengine ambayo Wanazi hawakuyachoma, waliyapenda sana: orodha za polisi zenye majina ya wanaume walioshukiwa kupenda wanaume. Orodha hizo zilikuwa zimeanza kuandikwa zamani kabla ya Hitler, na polisi ambao pengine hawakufikiria kambi za mateso. Zilitunzwa vizuri, zikatumika.

Mfano unaonishika zaidi ni wa Amsterdam. Uholanzi ilikuwa na ofisi ya kuandikisha wakaaji iliyopangwa safi kabisa, kila mtu na karte yake, dini yake, anwani yake. Wajerumani walipoingia walikuta kazi imeshafanywa, kumtafuta Myahudi ni kufungua droo. Baadhi ya Wayahudi hao walikuwa wakimbizi waliotoka Ujerumani wakifikiri wamepona. Tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wapinzani kilivaa sare za polisi, kikaingia kwenye ofisi ile usiku na kuilipua. Mmoja wa viongozi alikuwa msanii Willem Arondeus, mwanaume aliyependa wanaume na hakuficha. Aliyesaidia kupanga alikuwa Frieda Belinfante, mpiga cello na kiongozi wa okestra, mwanamke aliyependa wanawake, baba yake Myahudi. Hawakuziharibu karte zote, ni sehemu ndogo tu, lakini kila karte moja ni mtu. Arondeus na wenzake walikamatwa wakauawa Julai mwaka huo, na kabla ya kufa aliacha ujumbe kwamba watu wajue wapenzi wa jinsia moja si waoga. Belinfante alitoroka, akafika Uswisi, mwaka 1947 akahamia Marekani, akaongoza okestra kule California.

Miaka mingi habari hiyo ya nani alikuwa nani haikuelezwa. Kisha 1994, mwaka mmoja kabla hajafa, Belinfante alikaa mbele ya kamera ya jumba la makumbusho la Holocaust la Marekani akasimulia yote kwa sauti yake, vita, mapenzi, safari. Tunayo leo.

Angalia sasa. Mtu yule yule, mhamiaji, mpenzi wa wanawake, alisaidia kuharibu arshivu (hifadhi ya makaratasi na kumbukumbu) moja na akatengeneza nyingine, na kote kuwili alifanya vizuri. Arshivu ya kwanza ilikuwa imeandikwa bila idhini ya walioandikwa na funguo iko kwa adui. Ya pili aliitoa mwenyewe, alichagua aseme nini, amwambie nani, wakati gani. Hapo kwangu njo tofauti yote ilipo. Umri wa karatasi haunisaidii, wala uzuri wa sanduku. Nauliza: aliyeandikwa ana neno gani juu ya kufunguliwa kwake?

Na sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji hata kwenda Ulaya kutafuta mfano. Wabelgiji kwenye miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye kitambulisho cha Rwanda, na 1994 kwenye vizuizi vya barabarani karatasi ile ilimaanisha kifo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu ambao miji yao ilichukuliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025 wanajua vile mtu anaamka usiku kufikiria ni karatasi gani iko nyumbani na ni picha gani iko kwenye telefone. Ukienda kwa mtu wa namna hiyo na somo la "usifute, ni historia", utakuwa humuoni. Mwache afute. Uhai kwanza.

Basi je, kuna waliopata njia? Wapo, na hawakuanza na majumba makubwa. New York mwaka 1974 wanawake wanaopenda wanawake walianzisha arshivu yao, Lesbian Herstory Archives, ikakaa miaka mingi ndani ya fleti ya mmoja wao, Joan Nestle, barua na picha zikijaa mpaka kwenye makabati, kabla ya kufungua nyumba yao wenyewe Brooklyn 1993. Walijiwekea masharti ambayo nayapenda sana: mkusanyo hautauzwa, utakaa ndani ya jamii yenyewe, na kuingia hakuhitaji diploma. Johannesburg, karibu na sisi, kuna GALA, arshivu nyingine ya wapenzi wa jinsia moja, iliyoanza 1997 kwenye chuo cha Wits. Mle kuna makaratasi ya Simon Nkoli, kijana mweusi aliyepigana na ubaguzi wa rangi, akafungwa 1984, akashtakiwa na wenzake kwenye kesi kubwa ya Delmas. Akiwa jela alimwandikia mpenzi wake Roy, na barua zile zipo. Wapinzani wenzake jela walijua yeye ni nani, wengine walikasirika, akaongea nao, na ile kazi yake ni moja ya sababu Afrika Kusini ilikuja kuwa na katiba inayokataza kubagua watu kwa ajili ya mapenzi yao. Nkoli alifariki 1998. Kama ndugu fulani angechoma karto, leo mtu angeweza kukuambia Mwafrika wa namna hiyo hakuwahi kuwepo kwenye mapambano, na ungekosa la kujibu.

Kwa wahamiaji kuna njia nyingine iliyonifungua macho, ya Wamarekani wenye asili ya India, Pakistani na nchi za jirani. Mwaka 2008 walianzisha arshivu ya dijitali, SAADA, na wao hawachukui karatasi ya mtu. Wanakuja, wanaskani, wanakurudishia barua yako palepale, nakala inaingia kwenye mkusanyo na maelezo yake. Huku kwetu hiyo inatatua nusu ya ugomvi, juu mama wa Katuba hataki kusikia kwamba picha pekee ya mume wake inaenda kukaa kwenye biro ya profesa, na ana haki.

Halafu yanakuja maswali ambayo watu wanayaruka. Barua ina watu wawili. Aliyeipokea akikubali, aliyeiandika je? Na yule shemeji aliyetajwa mle ndani kwamba ana mtoto wa nje? Wataalamu wanafanya hivi: wanaandika mapatano, karatasi moja ya lugha ya kawaida, inasema vitu gani vinafunguliwa leo, vipi vinafungwa mpaka mwaka fulani, vipi vinafungwa mpaka mtu fulani afariki, majina yapi yafunikwe. Na inasema kwamba mwenyewe akibadili moyo anaweza kurudi kuomba chake. Miaka 30, miaka 50, si kitu cha ajabu. Kwa mhamiaji mwenye mambo ya vibali vya kukaa ughaibuni nafikiri funga mpaka mambo yake yaishe kabisa, juu kisa alichosimulia kwa upendo kinaweza kulinganishwa na kile alichosema kwenye ofisi ya ukimbizi na kukatwa neno kwa neno. Kwa wapenzi wa jinsia moja wa hapa, mimi nasema funga kila kitu, na mwenyewe afungue kidogo kidogo akitaka. Kuna wanaosema hiyo ni kuwarudisha gizani. Siwafuati. Anayejificha kwa kupenda kwake na funguo mfukoni hayuko gizani.

Sasa mambo ya mikono, nipite haraka, ila kuna moja nitakawia. Karatasi zisikae chini kwenye saruji wala kwenye ukuta wa inje unaopigwa na mvua, mchwa na unyevu vinapitia hapo. Toa pini na agrafe (pini za stepla) juu zinaota kutu. Usibandike skoch (utepe wa gundi), inageuka manjano na kula wino. Andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole, majina na mahali, leo hii, kabla shangazi anayewajua hajaenda. Na tafadhali, tafadhali, msiplastifie. Huku kwetu mtu akipenda karatasi anakimbia kuiplastifia, kila kona ya mji kuna mashine, diploma, picha ya harusi, kitambulisho cha nkambo, vyote vinapitishwa kwenye moto. Plastiki ile inashikana na karatasi na haitoki tena bila kuiharibu, na ukingo ukifunguka unyevu unaingia na hautoki. Weka kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya sanduku, basi. Ukitaka kuonyesha watu, onyesha fotokopi.

Kaseti wanaozisahau ni wengi. Miaka ya 80 na 90 watu walikuwa wanarekodi kaseti na kuipa mtu anayesafiri, ilikuwa barua ya sauti. Utepe unaharibika wenyewe hata bila kuguswa, kwa joto letu zaidi, kwa hiyo kama una kaseti hamisha sauti sasa. Na vokali za WhatsApp ni mtoto wa kaseti ile ile, dada aliye kambi ya wakimbizi ya Meheba ama Nyarugusu anakutumia dakika nne za sauti, unasikiliza, telefone inajaa, unafuta. Chagua chache, zitoe kwenye telefone, ziweke sehemu tatu, moja isiwe kwenye nyumba yako. Flashi moja haitoshi, flashi inakufa bila kuaga. Picha ukituma kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, itume kama dokumenti. Hapa njo mahali nataka kukawia: picha ya telefone inaweza kubeba ndani yake, bila wewe kuona, saa na mahali ilipopigwa, mpaka nyumba. Kwa picha ya shamba haidhuru. Kwa picha ya watu wawili wanaojificha, hiyo ni anwani umempa yeyote atakayeipata. Zima mahali kwenye kamera kabla, na kwa picha za zamani kuna programu za kufuta habari hizo. Mtu yeyote anayejiita mtunza arshivu na hajui hilo asiguse telefone za watu.

Kuna na swali la kupeleka inje. Kati ya 1973 na 1974 mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian, yule yule wa kijitabu cha Yav, historia ya nchi nzima, picha zaidi ya 100, na leo mkusanyo ule uko Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 80, hakuonekana tena. Kama picha zingebaki hapa, zingepita uporaji wa 1991, zingepita vita, sijui ngapi zingekuwepo. Kwa hiyo siwezi kuwa na hasira nyepesi. Lakini zamani zile karatasi ama picha ilikuwa mahali pamoja tu, ikiwa kule haiko hapa. Leo nakala inaweza kukaa Johannesburg ama Brussels, imefungwa, na ya asili ikae kwa mwenyewe, na ruhusa ya kufungua ile ya mbali itoke huku. Mfadhili akikataa sharti hilo la mwisho, akisema pesa ipo ila ruhusa itakuwa yake, mimi ningemwambia asante, na ningeendelea na sanduku ya bati.

Na jinsi ya kupanga, kwa wanaotaka kuanza hata na familia tatu ama marafiki watano. Usiandike majina juu ya bahasha. Andika namba. Bahasha ya 1, ya 2, ya 3, na kwenye rekodi pia sema namba, usiseme jina. Kisha majina na namba zake yaandike mu kaye (daftari) moja, kaye ile isikae nyumba moja na masanduku, ishikwe na mtu mwingine ambaye wote mmemkubali, na watu wawili wengine wajue iko wapi. Atakayepata masanduku bila kaye atapata hadithi bila anwani. Na mkubaliane mapema, mkiwa mmetulia, siku mambo yakiharibika na muda ni wa kuokoa kitu kimoja ama kuchoma kitu kimoja, kinachochomwa ni kaye. Barua zinabaki.